Mtani Wangu, Bawabu wa Bunge

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Najua wapo watakaosema Maganga ameanza kujisifu, na hao waacheni waseme, maana hata nilipokuwa nasukuma baiskeli yenye madebe mawili ya asali kutoka Sikonge, jasho linanitiririka mpaka kwenye kandambili, walikuwa wanasema vilevile. Shule yangu ni darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza. Leo nina malori matatu, mashine mbili za kusaga na nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinne hapa Tabora, na hakuna tofali hata moja ambalo mtu anaweza kulinyooshea kidole akasema hili nilimpa mimi. Nimeona moto ukila ghala langu zima la nta, nikakaa pembeni nikala muhogo. Nimeona watu waliokuwa wakiogopwa na mji mzima wakija barazani kwangu kukopa nauli. Kwa hiyo mwezi uliopita mbunge wetu alipotualika wafanyabiashara sita tukatembezwe ndani ya jumba la Bunge kule Dodoma, nilikwenda kama mtu anayekwenda kukagua stoo yake mwenyewe.

Alitupokea binti mmoja wa suti ya kitenge, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Hapa anakaa Spika, hapa Waziri Mkuu, pale juu wanakaa wageni. "Wazee wangu, naomba tusiguse kitu," akasema, na wenzangu wakacheka kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amekwisha kugusa. Mimi sikucheka. Zulia lilikuwa limemeza mlio wa viatu vyangu, na pua ilikuwa imeniacha pale ikaenda zake mbali: harufu ya ngozi ya viti, mafuta ya kusugulia mbao, na ule ubaridi wa chumba kikubwa kilichozoea kelele halafu kikaachwa peke yake. Hamisi wa duka la vipuri akanigusa bega. "Vipi, Maganga, umeona jini?" Nikamwambia sikuona kitu. Lakini nilikuwa nimemwona mtu, amevaa kaki yenye vifungo vya shaba, ananitangulia katikati ya viti kwa mwendo wa taratibu, bila kugeuka nyuma, kama mtu anayejua kwamba unamfuata. Mtu huyo amekwisha kufa zamani. Nikasimama nimeshika mgongo wa kiti cha watu, binti anasubiri, wenzangu wamekwisha kupita mlango wa pili.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Bendera yetu ilikuwa bado mpya, redio zilikuwa zimeanza kuimba Ujamaa asubuhi mpaka jioni, na neno kupe, la kumwita mnyonyaji, lilikuwa limeshuka mpaka kwa watoto wanaocheza gololi. Mimi na madebe yangu manne sikujua kama ni kupe au ni mtu. Nilichojua ni kwamba asali ya Sikonge ikifika Dar es Salaam inapokelewa kama mgeni wa heshima, basi kila mwezi nilipanda treni. Njia ni ileile ya misafara, reli imelala juu ya nyayo za wazee wetu. Wao walitembea miezi na pembe za ndovu mabegani, mimi nilikaa juu ya benchi la mbao nikatafuna michembe, vile vipande vyetu vya viazi vitamu vilivyokaushwa, huku miombo inapita dirishani, mti mmoja mara elfu, mpaka macho yanachoka na moyo unaanza kuona vitu visivyokuwepo. Hata leo nikisinzia mchana huwa naiona miti ile inapita. Sijui inakwenda wapi.

Asali yangu nilimuuzia Bi Tatu, mwanamke wa Kilwa aliyekuwa akipika visheti uani kwake Ilala. Yeye na mumewe walipanga vyumba viwili katika nyumba ya watu wengi, na siku ya kwanza nilipofika na madebe yangu, mume alikuwa amekaa kizingitini anasugua vifungo vya koti lake la kaki la kazi kwa majivu. Alikuwa na kama miaka arobaini na tano, mrefu, shingo nyembamba. Akaniangalia kuanzia miguuni.

"Mtu wa wapi wewe?"

"Tabora."

"Mnyamwezi?"

"Damu."

Akageuka ndani. "Tatu! Mletee maji huyu. Babu yake alitua mzigo hapa akasahau kuja kuuchukua."

Utani ukicheleweshwa unachacha, nikamjibu palepale: "Na babu yako alikuwa amekaa mlangoni anangoja tumletee. Naona na wewe mpaka leo umekaa mlangoni."

Alicheka mpaka koti likamponyoka, maana sikuwa najua kwamba kazi yake ndiyo hiyo hasa. Bwana Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa bawabu wa jumba la Bunge, enzi hizo Bunge likikaa Dar es Salaam.

Vijana wa siku hizi utani wanaujua kwa jina tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo tulitaniana tangu enzi za misafara, tulipokuwa tukifika Pwani tumechoka, tuna njaa, hatuna ndugu. Mtani ndiye aliyekuwa ndugu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuchukua kuku wako, kofia yako, hata baiskeli, akakaa nayo mpaka uje uikomboe kwa kitu kidogo, tumbaku ya kunusa au senti mbili tatu. Kwenye msiba wako anaweza kushuka kaburini akalala mle, asitoke mpaka apewe chake. Na sheria yake ni moja: mtani hakasiriki, na mtani hashitaki. Siku ile ile nikawa nimepata mahali pa kufikia. Nililala ukumbini kwa Pazi kila nilipokwenda, juu ya mkeka, mlango wa chumba chao upande huu, mlango wa fundi saa upande ule, na asubuhi niliamshwa na harufu ya mafuta ya visheti. Mchana tulikula pamoja uani, wali wa nazi na samaki, sinia moja. Nami nilitoa michembe yangu. Pazi aliitafuna kwa muda mrefu, akamuuliza mkewe, "Haya ni magome ya mti gani?" Bi Tatu alicheka kwa adabu, akiangalia chini. Yeye hakuwa na utani nasi, na nilimwita shemeji kwa heshima zote.

Wiki ambazo wabunge hawakai, Jumamosi mchana, karani mkuu wa jumba aliwaruhusu wafanyakazi kuingiza jamaa zao wachache wakaone, kimyakimya, bila makundi. Wenzake Pazi waliiona ruhusa ile kama usumbufu. Pazi aliitunza kama mtu anavyotunza shamba la mbegu. Mara ya kwanza aliponichukua, aliniamuru nioge, nikate kucha, nivae shati lililopigwa pasi na Bi Tatu. Tulipofika kwenye mlango mkubwa wa vioo, akasimama.

"Viatu vua hapa. Na utani uvue hapa. Ukitoka utavivaa vyote viwili."

Nilidhani huo nao ni utani. Nikaanza kujibu. Akanitazama, nikafunga mdomo.

Nikisema chumba kile kilikuwa kikubwa sitakuwa nimesema kitu, maana nimeona maghala makubwa zaidi, na moja ni la kwangu. Kilikuwa na kimya kinachosikika. Mapazia yalikuwa yameshushwa nusu, na jua la saa nane lilipenya chini yake likatandaza vipande vya mwanga juu ya zulia, nami nikawa navikanyaga kimoja kimoja kama anayevuka mto kwa mawe. Viti vilikuwa vya ngozi ya kijani, vimepangwa kwa ngazi, kila kimoja na kipaza sauti chake kilichoinamisha shingo mfano wa ndege anayekunywa maji. Feni zilikuwa zimesimama. Pazi alinitangulia, mikono nyuma, na sauti iliyotoka kwake sikuwahi kuisikia Ilala. Akanionyesha kiti cha Spika. Akanionyesha siwa, lile rungu la heshima linalotangulia kikao, imelala kwenye kasha lake. Akanionyesha meza ya makarani wanaoandika kila neno.

"Kila neno?"

"Kila neno linalosemwa humu halipotei."

"Mtu akikohoa?"

"Kikohozi si hoja," akajibu, wala hakutabasamu.

Kisha akapanda ngazi mbili, akaweka mkono juu ya kiti kimoja. "Wewe Tabora. Hiki ni kiti chako."

"Changu? Cha mbunge."

"Yeye nani kamweka? Simama nyuma yake. Sema neno lako moja. Kipaza sauti kimezimwa, hakuna anayeandika, lakini sema."

Hii ilikuwa desturi yake, aliitunga mwenyewe, na hata karani mkuu nadhani hakuijua. Kila aliyemwingiza alimsimamisha nyuma ya kiti cha kwao, naye akasimama wima mbele yake, mikono ubavuni, kama anavyosimama waziri akiongea. Mimi niliyeuza debe la asali kwa maneno matupu kabla mtu hajaionja, nikasimama pale nimeshika ngozi ya baridi. Nilifikiria baiskeli. Nilifikiria warina wa Sikonge, wale wanaopanda mitini na moshi na kushuka na nyuki usoni, na bei wanayolipwa. Nikatafuta neno, likakataa kuja. "Ahsante," nikasema mwisho. Pazi akaitikia kwa kichwa. "Wengi husema hivyo mara ya kwanza."

Nilikwenda tena mara nne mwaka ule. Siku nyingine nilikaa tu kwenye jukwaa la wageni wakati Pazi akipangusa meza, vumbi linaelea kwenye mwanga, mji uko nje kama redio ya jirani. Katika maisha yangu nimenunua vitu vingi. Sijawahi kuununua mchana kama ile michana.

Tatizo likawa Tabora. Nilikuwa naishi Chemchem, na jioni wanaume walikutana barazani kwa fundi cherehani mmoja, mzee wa mjini, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikawasimulia. Walicheka mpaka fundi akasimamisha cherehani.

"Bungeni? Wewe?" akasema. "Labda ulipeleka asali jikoni."

"Naapa, nimesimama nyuma ya kiti cha Tabora."

"Ukasema nini?"

Nani angeamini kwamba Maganga alipewa nafasi akasema ahsante? Nikasema nimehutubia. Wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo kila nikipita wananiita Mheshimiwa, na watoto wakalidaka jina hilo, na wateja nao. Nyinyi mnaosoma mnaweza kuona ni jambo dogo. Mtu ambaye hana shule wala ukoo wa kujivunia mtaani ana kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni kuaminika kwa maneno yake. Nikaapa kwamba safari ijayo nitakwenda na shahidi.

Shahidi niliyempata alikuwa Baba Yohana, mkulima wa tumbaku wa Usoke, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata maadui zake walikubali kwamba hasemi uongo. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Nikamlipia mkate na chai njia nzima. Pazi alifurahi sana kumpokea, na Jumamosi, siku ileile ya treni yetu ya kurudi, akatuingiza. Baba Yohana alikuwa ametiwa dawa, macho yanamtiririka, anaona vivuli. Alivua viatu vyake polepole akavipanga kando kando kama vya mtoto. Ndani alitembea akigusa migongo ya viti, mmoja baada ya mwingine, midomo inahesabu. Pazi alipomsimamisha nyuma ya kiti chetu na kumwambia aseme neno lake, hakusita hata kidogo. Akakohoa, akaweka kofia kifuani.

"Mizani ya tumbaku," akasema, "iwekwe mahali ambapo mkulima anauona uso wake. Siyo mgongo. Ni hilo tu."

Pazi alisimama wima, hakupepesa. Nadhani katika jumba lile hajasikilizwa mtu namna ile. Kisha akaona mzee anapapasa kutafuta ngazi, akaweka funguo zake juu ya meza ya makarani ili ampe mikono yote miwili, akaanza kumshusha, hatua, hatua.

Funguo kumi na moja kwenye pete moja ya chuma, na kibati cha shaba chenye nembo. Zilikuwa za vyumba vya ndani na makabati, maana mlango mkubwa ulifungwa na askari wa nje. Nikaziangalia. Nikawaza: nitarudi Chemchem na shahidi gani? Mtu asiyeona! Watanicheka mpaka nife. Na hapohapo utani ukaniambia: huyu si mtani wako? Kitu chake si cha kuchukua? Atakuja stesheni na senti mbili, mtacheka, utampa dirishani. Lakini kwanza Yohana atazishika kwa mikono yake, atakuwa shahidi wa kweli. Mkono ukaenda. Nikazifunga kwenye leso zisilie, nikazitumbukiza kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa pekupeku nilipofanya hivyo. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho: vidole vyangu vya miguu juu ya zulia la kijani.

Pazi akatusindikiza mpaka getini, akanishika mkono, akarudi kazini kumalizia zamu. Sisi tukapitia Ilala kuchukua mizigo.

"Shemeji," nikamwambia Bi Tatu, "mwambie mtani wangu aje stesheni na ukombozi."

"Ukombozi wa nini?"

"Atajua mwenyewe. Mtume mtu sasa hivi."

Akatikisa kichwa. Mafuta yalikuwa motoni, na kwake yeye utani wetu ulikuwa ni kelele za wanaume. Ujumbe alimfikishia mumewe aliporudi nyumbani, baada ya kutambaa kwa magoti na mikono chini ya kila kiti cha jumba lile. Treni ilikuwa imekwisha kuondoka.

Nilikaa dirishani mpaka filimbi ya mwisho. Nikajisemea, amekataa kukomboa, anataka kunishinda, huo nao ni utani mzuri. Nikazitoa nikamwekea Baba Yohana mkononi. Akazipapasa moja moja, akapitisha kidole gumba juu ya ile nembo.

"Hizi ni za nani?"

"Za mtani wangu."

"Za mtani, au za Serikali?"

"Baba, macho yanakuuma. Pumzika."

Akanirudishia, wala hakuongea nami tena mpaka Dodoma.

Chemchem nilikaa siku tatu kama bwana harusi. Fundi cherehani alivua miwani, akaivaa, akasoma nembo kwa sauti. Watu walizipokezana. "Hii ndefu ndiyo ya kufungulia sheria?" mmoja akauliza, na mwingine akasema, "Hiyo ni ya kufungulia mishahara." Nililipiwa chai. Nikaitwa Mheshimiwa tena, na safari hii hakuna aliyecheka. Siku ya nne kijana wa posta akaniletea telegramu, na kwa kuwa yangu ni darasa la tatu nikampa fundi aisome pale pale, mbele ya wote, nikidhani ni mteja wa asali. Akasoma kwa sauti: "Rudisha funguo. Pazi kasimamishwa. Tatu." Cherehani zilikuwa mbili pale barazani. Zote zilinyamaza.

Safari ile ya kurudi siikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka miti inapita na mimi nawaza kwamba wazee wetu walipita hapa na mali ya watu mabegani, miezi, na mzigo ukifika pungufu hata pembe moja, mpagazi hali. Mimi nilikuwa nimebeba mzigo wa gramu chache na ulikuwa umenilemea shingo. Nilizoea kusema na kila mtu ndani ya treni. Mama mmoja aliyepanda Manyoni akanipa yai la kuchemsha, nikalishika mkononi mpaka Kilosa bila kulimenya. Nilikuwa nimejipanga: nitakwenda moja kwa moja kwa karani mkuu, nitaweka funguo mezani, nitasema mwizi ni mimi. Maneno ninayo. Maneno ndiyo yaliyonilea.

Karani mkuu alikuwa mtu mtaratibu, wa mkoa ambao hatuna utani nao, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala vizuri. "Kaa, ndugu," akasema. Nikaweka funguo mezani, nikamweleza yote. Hakunikatiza.

"Wewe ni nani wake?"

"Mtani wake."

"Serikali haina mtani, ndugu." Hakusema kwa ukali. Akafungua jalada, akageuza karatasi nione, kana kwamba naweza kusoma. "Pazi ametia dole gumba hapa jana. Anasema amezipoteza mwenyewe, hamshuku mtu. Nilimuuliza mara tatu. Makufuli yote tumebadilisha, kikao kinaanza wiki ijayo. Kwa aliyepoteza, anaachishwa kazi na anapata nusu ya kiinua mgongo chake. Sasa nikiandika haya unayosema, Pazi atakuwa ameidanganya Serikali, na ameingiza mwizi ndani ya Bunge. Wewe utafungwa. Yeye hata hiyo nusu hapati." Akachukua kalamu, akaishusha mpaka karibu na karatasi. "Niandike?"

Feni ilikuwa inazunguka juu. Nilisikia mtu anafagia nje. Hotuba yangu yote niliyoipanga kutoka Manyoni ilikuwa imejaa kifuani, tamu, iliyonyooka, na ilikuwa haina faida kwa mtu yeyote isipokuwa mimi.

"Usiandike," nikasema.

Akaziingiza funguo kwenye droo. Hazikuwa zinafungua kitu tena.

Ilala nilimkuta Pazi amekaa barazani na majirani wanne, msuli kiunoni na fulana, na muuza kahawa amechuchumaa mbele yao na birika lake. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana kaki ya kuvaa kesho yake, na mabega yake yalikuwa madogo.

"Tatu!" akaita. "Njoo uone. Mzigo umerudi wenyewe kwa miguu!"

Majirani wakacheka. Bi Tatu akatoka na mwiko mkononi. Nikamwamkia, shikamoo shemeji, ingawa hatukuwa tunaamkiana hivyo. Hakuitikia.

"Mimi kwetu Kilwa," akasema. "Sina utani na wewe, kwa hiyo nitakuambia. Vyumba hivi tunavirudisha mwisho wa mwezi. Tunakwenda Kisarawe kulima muhogo. Miaka kumi na mmoja mume wangu ameufungua mlango ule, hajawahi kuchelewa hata siku alipokufa mama yake. Wiki nzima ameamka alfajiri, akavaa, akakumbuka, akavua. Nyinyi mnataniana. Anayemwona akivua ni mimi."

"Tatu," Pazi akasema taratibu.

Nikatoa leso. Ilikuwa na mtaji wangu wote, wa mwaka mzima, baiskeli nimeiuza na madebe nimeyauza. Nikaiweka juu ya mkeka mbele yake. Pazi aliifungua pembe moja, akaangalia, akaifunga vizuri zaidi ya nilivyoifunga mimi, akairudisha kwenye magoti yangu.

"Mtani, sikiliza. Nikizipokea hizi, umenilipa. Ukinilipa, wewe ni mkosaji na mimi nimeonewa. Basi nitakaa Kisarawe maisha yangu yote nimeonewa na Mnyamwezi. Huoni aibu hiyo? Bora nikae Kisarawe nimetaniwa."

"Njoo basi tuuze asali wote. Nusu kwa nusu."

"Mzaramo abebe mzigo wa Mnyamwezi?" Akawageukia majirani. "Mnamsikia? Anataka dunia ipinduke." Wakacheka, naye akacheka, na macho yake hayakucheka. Kisha akasogea karibu, na sauti yake ikawa ile ya kule ndani, ya siku zile za Jumamosi. "Lakini kosa lipo. Nilikwambia utani uuvue mlangoni, wewe ukauvaa ukiwa bado ndani. Hilo lina faini, na faini siikatai. Wanyweshe kahawa hawa waliopo, uondoke tukiwa watani."

Muuza kahawa akapanga vikombe vyake. Wanne wa majirani, cha Pazi, cha mwenyewe muuzaji, na changu. Pazi akasema mpelekeeni na Tatu, lakini Bi Tatu alikuwa amekwisha kuingia ndani, na tulisikia mlango wa chumba unarudishwa. Tukanywa. Kahawa ilikuwa chungu, ya moto. Vikombe saba, senti kumi kimoja. Nikalipa senti sabini.